Chuma Kikongwe na Oili Yake

Ingia katika duka lolote la spea mjini Machakos uombe oili ya injini, na kabla ya bei kutajwa utaulizwa swali moja: ya gari gani? Ukijibu Probox, mkono wa muuzaji unajua unakokwenda. Mtungi wa 5W-30 unashuka rafuni, unalipa, unaondoka. Ukijibu Peugeot 504, muuzaji anatua kidogo. Akiwa kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 1989, namba za KAA zilipoanza kutolewa, huenda gari hilo analijua kama kitu kilichoegeshwa chini ya mwembe kwa babu yake, wala hakuwahi kudhani kwamba bado kuna mtu anayelinunulia oili. Anaikagua rafu kutoka juu hadi chini, kisha anachukua mtungi ule ule wa Probox, au wa ghali zaidi ulio kando yake. "Mzee, chukua hii. Hii ndiyo ya kisasa, sinthetiki kamili. Hakuna inayoishinda."

Anasema kwa nia njema, na hasemi uongo. Kilichomo ndani ya mtungi huo ni safi kuliko chochote ambacho 504 ilitiwa siku ilipotoka kiwandani, kinastahimili joto zaidi, na kitadumu muda mrefu zaidi kabla ya kuchoka. Hata hivyo si oili ya injini ile. Kitu kinaweza kuwa bora na bado kisifae. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, tena si kwa ajili ya magari peke yake, ila magari yanatosha kulieleza na ndiyo nitakayokaa nayo.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia chuma gani. Gari la zamani linapotajwa, wengi huona Jaguar au Mercedes-Benz iliyong'arishwa kwa ajili ya maonyesho, na Kenya inayo maonyesho hayo; Concours d'Elegance ya Nairobi ilianza mwaka 1970 na huwavuta watu hadi leo. Lakini gari la zamani la Ukambani ni lile lililofanya kazi. Ni pikapu ya Peugeot 404 iliyobeba maembe na abiria kwa pamoja. Ni 504 ya safu tatu za viti iliyowapeleka watu Nairobi na kuwarudisha, mizigo ikiwa juu ya paa. Ni Land Rover ya misheni, Volkswagen Beetle ya mwalimu mkuu, Datsun 1200 ya mwenye duka. Yaliyobaki yamebaki kwa sababu kuna mtu aliyeyatunza, na kazi kubwa ya kuyatunza ilikuwa ni oili.

Peugeot ndiyo iliyoshika mizizi zaidi, na haikushika kwa bahati. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953, zilikuwa mtihani ambao kila mnunuzi wa gari katika Afrika Mashariki aliufuatilia redioni wakati wa Pasaka. Mwaka 1963 Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa 404, na magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1966 na 1967 walishinda Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania, kwa 404 vilevile. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudi na 404 yao wakashinda tena, na kwa mara nyingine magari yaliyomaliza yalikuwa saba. Kisha ikaja zamu ya 504: Ove Andersson mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978. Mtu aliyekuwa akiamua aweke akiba yake kwenye gari gani hakuhitaji tangazo lingine. Magari ya 504 yaliendelea kuunganishwa humu nchini hadi mwaka 2004, zaidi ya miaka 20 baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza saluni yake, na ndiyo maana injini hiyo haijawa kitu cha makumbusho kwetu. Fundi wa miaka hamsini aliyejifunza kazi Machakos aliifungua na kuifunga kabla hajagusa injini nyingine yoyote.

Ndani ya injini hiyo kamshafti imelala kwenye bloku, chini, mbali na valvu. Jino la kamshafti linapozunguka linakisukuma kipande cha chuma kinachoitwa tapeti, tapeti inasukuma ufito mrefu, ufito unainua mkono wa valvu huko juu. Tapeti hiyo ina uso bapa. Haina roli wala kigurudumu. Jino la chuma linasugua uso wa chuma, maelfu ya mara kwa dakika, chini ya nguvu ya springi za valvu, kwenye mstari mwembamba mno wa kugusana. Hapo ndipo penye shinikizo kubwa kuliko mahali pengine karibu pote katika injini, na hapo ndipo hadithi ya oili ilipo. Lakini nitapafikia baada ya kusema neno kuhusu namba.

Namba za kwenye mtungi ni za uzito, na watu wengi huzisoma vibaya. SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari iliyoanzishwa Marekani mwaka 1905, ilitoa mpangilio wake wa kwanza wa uzito wa oili mwaka 1911, na mpaka leo ndio tunaoutumia baada ya marekebisho mengi. Katika 20W-50, namba ya kwanza yenye W inahusu oili ikiwa baridi, na ya pili inahusu oili ikiwa kwenye joto la nyuzi 100. Baridi inayozungumziwa ni ya Ulaya na Amerika Kaskazini: oili ya 20W hujaribiwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, ya 10W kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, ya 0W kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri. Machakos iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai ukungu ukishuka kutoka Iveti watu hujifunika makoti, lakini hakuna aliyewahi kuamka akakuta barafu kwenye sampu. Kwa hiyo gharama ya kununua 0W hapa ni gharama ya kujikinga na majira ya baridi ya watu wengine. Ni kweli kwamba oili nyepesi huwahi kufika juu injini inapowashwa, na uchakavu mwingi hutokea katika sekunde hizo za mwanzo. Kwa sababu hiyo 15W-40 au 15W-50 si chaguo baya kwa injini iliyofunguliwa na kufungwa upya. Lakini 20W kwa hali ya hewa yetu inatosha.

Namba ya pili ndiyo yenye uzito kwa mwenye gari la zamani. Kwenye nyuzi 100, oili ya 30 ina mnato wa kati ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo cha sentistoki. Oili ya 50 ina kati ya 16.3 na 21.9. Tofauti hiyo ni kubwa. Injini za miaka ya 1960 na 1970 zilijengwa zikiwa na nafasi kubwa kidogo kati ya krenki na beringi zake kuliko za leo, na miaka ya kazi imezipanua zaidi. Oili nyepesi iliyopata moto hupita kwenye nafasi hizo haraka kuliko pampu inavyoweza kuijaza. Utaliona jambo hili ukitoka Mombasa mchana, umepita Mtito Andei na Kibwezi, umepandisha hadi Kyumvi, halafu unasimama kusubiri malori: taa nyekundu ya oili inaanza kupepesa injini ikizunguka taratibu tu, ikiwa sailensa. Mafundi wana kanuni ya zamani kwamba kila mizunguko 1,000 ya injini iambatane na paundi 10 za presha, na injini iliyochoka ikitiwa 5W-30 haiwezi kuifikia ikishapata moto. Probox hiyo hiyo kwenye barabara hiyo hiyo, yenye nafasi finyu na pampu iliyoundwa kwa ajili ya oili nyepesi, haina shida yoyote.

Kuna tabia ya kuchovya kidole kwenye oili na kuisugua kwa kidole gumba ili kujua kama ni nzito. Nimewaona wazee wanaoheshimika wakifanya hivyo mbele ya duka, na nawaheshimu kwa mengi, lakini kwa hili wanadanganyika. Kidole kinapima oili kwenye joto la mwili wa binadamu, na kwenye joto hilo oili mbili zinaweza kufanana, kisha zikaachana kabisa zikifika nyuzi 100. Wenyeji wa hapa tuna mahali pa kutukumbusha jambo hili. Kule Kyamwilu, kwenye mteremko wa Kituluni, wageni hutoa gia, huachia breki, na gari huonekana likipanda mlima lenyewe. Umbo la vilima limelipotosha jicho. Ukiweka kipimo sahihi cha usawa utaona gari linateremka kama magari yote. Kidole mbele ya duka la spea kiko Kyamwilu. Soma mtungi.

Sasa turudi kwenye jino na tapeti. Katika miaka ya 1940 wanakemia walianza kutia ndani ya oili kiungo chenye zinki na fosforasi ambacho ulimwengu wa mafuta hukiita kwa kifupi ZDDP. Mwanzoni kilikusudiwa kuzuia beringi zisiliwe na asidi. Baadaye ikagunduliwa kwamba kina kipaji kingine kikubwa zaidi. Chuma kinaposuguana na chuma kwa nguvu na joto, kiungo hicho huvunjika papo hapo na kuacha juu ya chuma utando mgumu, wembamba wake ukiwa karibu sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Jino la kamshafti likipita, linakwangua utando badala ya kukwangua tapeti. Utando unaondoka, mwingine unajengwa mahali pake, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka zinki iliyomo kwenye oili iishe.

Sijui kama kuna jambo lililonifundisha kuhusu utunzaji kuliko hili. Tumezoea kufikiri kwamba kulinda ni kuweka kitu kigumu kisichoshindwa. Oili hulinda kwa kuharibika. Viungo vinavyopambana na asidi huliwa na asidi hiyo. Viungo vya kusafisha hushika masizi na kuyabeba yasigande, na ndiyo maana oili nzuri hugeuka nyeusi mapema. Mwenye gari anayeona weusi huo na kudhani ameuziwa oili mbovu anailaumu kwa kufanya kazi yake. Katika injini nzima, oili ndiyo sehemu pekee iliyowekwa ili ichakae kwa niaba ya nyingine zote.

Basi kwa nini oili za kisasa ziwe na zinki kidogo kuliko za zamani? Hapa ndipo ninapowaomba wenzangu wapenda magari ya zamani wawe na subira, kwa sababu wengi wetu hulizungumzia jambo hili kana kwamba kuna watu waliotukosea. Marekani ilianza kuweka katalisti kwenye ekzosi za magari mapya ya mwaka 1975, ule mkebe wenye madini ya thamani unaogeuza moshi wenye sumu kuwa hewa isiyodhuru sana. Kila injini huunguza oili kidogo, na fosforasi ya ZDDP ikifika kwenye katalisti huyafunika madini hayo na kuyaua polepole. Kwa hiyo viwango vikashushwa hatua kwa hatua: fosforasi isizidi asilimia 0.12, kisha 0.10 katika daraja la SJ la miaka ya 1990, kisha 0.08 katika daraja la SM la mwaka 2004. Injini mpya hazikudhurika, kwa kuwa nyingi zilikuwa zimeshawekwa roli mahali pa tapeti bapa, au springi nyepesi zaidi. Injini ya zamani ndiyo iliyobaki ikisugua chuma kwa chuma na zinki kidogo.

Jambo kama hilo lilitokea kwenye petroli. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwishoni mwa mwaka 2005, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, na mwaka 2021 Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuiacha. Risasi ilikuwa ikivilinda viti vya valvu za ekzosi kwenye injini zenye kichwa cha chuma cha kusubu, kama Morris Minor na Land Rover za awali, na ilipoondolewa baadhi ya vichwa hivyo vilianza kuliwa. Lakini risasi ilikuwa pia ikiingia katika damu ya watoto waliochezea kando ya barabara na kuharibu ubongo wao. Hakuna kiti cha valvu kinachoweza kuwekwa kwenye mizani pamoja na hilo. Dunia ilifanya sawa kusonga mbele, na ilifanya sawa kupunguza fosforasi. Mzigo wa kutafuta kinachoifaa injini ya jana ni wa yule aliyeamua kubaki nayo, na ni haki uwe wake. (Wenye 504 walipumua kwa habari ya risasi: kichwa chao ni cha alumini, na viti vya valvu ni vya chuma kigumu kilichopachikwa tangu kiwandani.)

Pengine nalisema hili kwa utulivu kwa sababu ya mji ninaoandikia. Machakos ilikuwa kituo cha utawala cha Waingereza bara kabla Nairobi haijawa hata kambi. Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilijenga boma lake hapa mwaka 1889, na John Ainsworth akaendesha utawala kutoka hapa. Kisha reli ikachagua tambarare za Kapiti na Athi, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Ainsworth akahamia huko na ofisi yake. Mji haukufa. Uliendelea na soko lake, shule zake na karakana zake, na watu wake walijifunza kuchukua kutoka kwa Nairobi kile wanachokihitaji bila kutamani kuwa Nairobi.

Na kinachohitajika kipo, ukijua kusoma. Ukomo wa fosforasi niliouzungumzia unazihusu oili nyepesi zaidi kuliko nzito: 0W-20, 5W-20, 0W-30, 5W-30 na 10W-30, zile zinazotarajiwa kuingia kwenye magari mapya. Oili ya 20W-50 haikufungwa na ukomo huo. Uzito ule ule ambao injini ya zamani inauhitaji kwa ajili ya beringi zake ndio unaomruhusu mtengenezaji kuacha zinki ya kutosha kwa ajili ya tapeti zake. Kwa hiyo mtungi wa 20W-50 wa petroli, kutoka kwa kampuni yenye jina la kulinda, wenye alama ya shirika la viwango, KEBS, na daraja lililoandikwa wazi, mara nyingi ni jibu kamili kwa 504, tena kwa bei ndogo kuliko ile sinthetiki ya rafu ya juu. Castrol GTX, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1968, mwaka ule ule 504 ilipotolewa, haikuwa na siri zaidi ya hiyo. Mafundi wengine huweka oili ya dizeli ya 15W-40, ile ya malori, kwa kuwa kwa kawaida ina zinki nyingi na nguvu kubwa ya kusafisha. Nakubaliana nao, mradi mtungi uonyeshe daraja la dizeli na la petroli pamoja, na mradi injini isiwe na matope ya miaka mingi ambayo yatang'oka kwa ghafla na kuziba wavu wa pampu. Ninachokataa ni vichupa vya kuongezea zinki vinavyomiminwa juu ya oili ambayo tayari inayo. Zinki ikizidi haijengi utando mnene zaidi. Huanza yenyewe kukichokonoa chuma.

Yupo mmoja tu asiyepaswa kubahatisha hata kidogo, naye ni mwenye injini iliyotoka kufungwa ikiwa na kamshafti na tapeti mpya. Dakika 20 za kwanza ndizo zitakazoamua maisha yake. Nyuso mbili bado hazijazoeana, na injini ikiachwa kwenye sailensa taratibu kama mtu anavyotamani kuifanyia kwa huruma, oili hairushwi ya kutosha kwenye kamshafti na jino linaliwa kabla gari halijatoka getini. Iwashwe, ishikiliwe kwenye mizunguko kama 2,000, ikiwa na oili yenye zinki kwa wingi, kisha oili hiyo imwagwe mapema.

Magari mengine nitayapita haraka. Beetle haina filta ya oili, ina wavu tu, na inabeba lita mbili na nusu pekee ambazo zinapaka na kupoza kwa pamoja. Kwake yeye kubadilisha mapema ni muhimu kuliko jina la kampuni. Mini inatumia oili moja kwa injini na gia, na meno ya gia huzikatakata zile molekuli ndefu zinazoifanya 20W-50 iwe 50, kwa hiyo baada ya muda inakuwa nyepesi kuliko ilivyoandikwa. Land Rover ya injini ya lita 2.25 inashangaza: ni kongwe, lakini tapeti zake zina roli, kwa hiyo hofu ya zinki haiihusu sana. Na mwenye saluni ya 404 akumbuke difu yake: ndani mna gurudumu la shaba nyeusi, na oili kali za gia za GL-5 zenye salfa zinaweza kulidhuru. Fundi asiyelijua hilo atamwaga iliyo rahisi kupatikana na kufunga boliti kwa amani.

Kuna swali moja ambalo kitabu cha gari hakilijibu. Nililisikia katika karakana moja, katika mazungumzo kati ya mwenye 504 iliyokuwa ikitoa moshi wa buluu, mwalimu mstaafu, na fundi wake ambaye alikuwa mwanafunzi wake zamani.

"Mwalimu, tuitie ile nzito kabisa, SAE 50 kavu. Itatulia."

"Itapona, au itanyamaza?"

Fundi akafuta mikono kwanza. "Itanyamaza, Mwalimu. Kupona ni kufungua."

"Moshi unatoka lini?"

"Asubuhi ukiwasha, halafu unaisha. Na ukiteremka mlima na gia."

"Basi si ringi."

"Si ringi. Ni zile sili na mirija ya valvu. Tunaweza kufungua kichwa peke yake."

Nimeyaweka mazungumzo haya hapa kwa sababu oili nzito hutumika kwa namna mbili na kwa macho hazitofautiki. Moshi unaotoka muda wote, hasa ukikanyaga mafuta, ni wa ringi na silinda. Mwenye gari anayejua kwamba ringi zimechoka, ambaye hana fedha za ovaholi mwaka huu, akiitia injini oili nzito ili aendelee kupeleka mazao sokoni, anafanya jambo la busara. Anaupa uzee wa injini kile uzee unachohitaji. Anayeitia oili hiyo hiyo asubuhi ya siku ambayo mnunuzi anakuja kuliangalia gari anaiba. Na magari mengi ya zamani hubadilisha mikono yakiwa yamenyamazishwa hivyo. Ninaponunua gari lililochoka, sitaki kusikia injini tu. Nataka kujua ni oili gani imo ndani na iliingia lini, na muuzaji anayekasirikia swali hilo amenijibu.

Halafu kuna wakati. Magari mengi ya zamani ya hapa sasa hutembea kidogo: kanisani Jumapili, harusi, mazishi, sokoni na kurudi. Mwenye gari huhesabu kilomita, anaona hazijafika 5,000, anaiacha oili mwaka wa pili na wa tatu. Safari fupi ndizo zinazoiua oili. Injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, kabureta iliyovutwa choki humwaga petroli mbichi inayoteremka ukutani mwa silinda hadi kwenye sampu, asidi inakusanyika, chini ya kifuniko cha oili unaanza kuona utando mweupe. Gari kama hilo libadilishwe oili kila mwaka hata kama limekwenda kilomita 600, na kabla ya hapo lipelekwe mara kwa mara safari ya kueleweka, hadi Wamunyu au Konza na kurudi, likiwa moto. Na kwa vumbi letu jekundu la barabara za Kathiani na Masii, lile bakuli la oili chini ya filta ya hewa ya Land Rover lisisahauliwe. Vumbi linalonaswa humo ni vumbi ambalo lingekuwa likisugua silinda. Fundi anayebadilisha oili ya sampu na kuliacha bakuli hilo likiwa na tope amefanya nusu ya kazi.

Linabaki jambo ambalo wauzaji wa oili hawaliandiki kwenye mtungi, nalo kwangu ni sehemu ya kuchagua. Lita nne zinazoingia zitatoka, na zitatoka zikiwa na masizi, asidi, petroli na vumbi la chuma. Ukambani oili chafu ina wateja. Watu huja karakana na jerikeni kuiomba au kuinunua wapake nguzo za ua na mbao za paa dhidi ya mchwa, na iliyobaki humwagwa penye mtaro. Miaka ya petroli ya risasi, oili hiyo ilibeba risasi pia, na nguzo zilizopakwa wakati huo huenda bado zinaishikilia. Mito yetu mingi ni ya mchanga. Kwa miezi kadhaa haina maji ya kuonekana, na watu huchimba visima kwenye mchanga huo, au hujenga kuta za kuuzuia ili uhifadhi maji chini yake. Mtaro wa karakana huteremka kuelekea huko. Tunatumia fedha na maarifa kuilinda tapeti isikwanguliwe, halafu tunamimina kilichoilinda juu ya maji ya kunywa ya watu wasio na gari lolote.

Kwa hiyo mtungi mtupu usitupwe. Oili ya zamani imiminwe humo ikiwa bado moto, kwani ndipo inapotoka na uchafu wote, ikaingie kwenye pipa la karakana, na pipa lichukuliwe na mkusanyaji mwenye leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Karakana isiyo na pipa iulizwe kwa nini haina, na mteja ndiye aulize. Na yule anayekuja na jerikeni kwa ajili ya nguzo zake asifukuzwe, kwa sababu shida yake ya mchwa ni ya kweli. Aambiwe kwamba nguzo ya mukau, mti wa Ukambani huu huu, mchwa huishindwa bila kupakwa kitu, na kwamba miche yake inapatikana.